Siku 65 za Keki Moja



Mwaka 1976, katika mji mdogo wa Blue Hill, jimbo la Maine nchini Marekani, mwalimu wa kemia aitwaye Roger Bennatti aliulizwa swali na wanafunzi wake. Walikuwa wakisoma habari za kemikali zinazotiwa katika vyakula, na wakataka kujua: keki hizi za dukani zilizofungwa kwenye nailoni zinakaa muda gani kabla ya kuharibika? Ikaletwa paketi ya Twinkie, mojawapo ya keki hizo, ambazo huuzwa mbilimbili. Moja mwalimu akaila. Ya pili akaiweka juu ya ubao wa darasa, bila kuifunika, wangoje waone. Wakangoja. Darasa lile likamaliza shule, likaja jingine na jingine, mwalimu mwenyewe akastaafu mwaka 2004, na keki bado ipo. Ilikuja kutiwa ndani ya kisanduku cha kioo, na shule ile ya George Stevens Academy imeendelea kuitunza.

Kisa hicho ni cha kweli, nacho kimelisha imani iliyoenea sana kule Marekani, kwamba Twinkie haiozi. Wapo wanaosema hata vita vya nyuklia vikipita, watabaki mende na Twinkie. Na imani hiyo haikubaki kwao. Huku kwetu, simama dukani saa za watoto kutoka shule, utamsikia mama akimkataza mwanawe: acha hiyo keki ya paketi, hiyo ni dawa tupu, ndiyo maana haiharibiki.

Mama huyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ninachotaka kumwambia leo, kwa heshima zote, ni kwamba wasiwasi wake ameuelekeza pasipo penyewe. Anaogopa majina magumu yaliyo mkiani mwa orodha ya viungo, na huku kichwani mwa orodha hiyo pameandikwa maneno mepesi ambayo kila mtu anayajua, na huko ndiko kwenye habari.

Tuanze na kuoza. Twinkie inaoza. Mwaka 2012 kampuni ya Hostess, iliyokuwa ikitengeneza Twinkie, ilipotangaza kwamba inafunga, watu wengi walikimbilia madukani kununua keki hizo wakidhani ni za mwisho. Mmoja wao, mkazi wa Pennsylvania, aliweka sanduku lake katika chumba cha chini ya nyumba. Lilikaa humo miaka minane. Mwaka 2020 akafungua moja, akaionja, ladha yake ikamtoa mbio. Akatazama nyingine, akakuta baadhi zina ukungu. Moja ilikuwa na doa jeusi la mviringo. Nyingine ilikuwa imesinyaa yote, imekunjamana, na nailoni yake imeinyonya na kuibana pande zote. Keki zile zikapelekwa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa wataalamu wa kuvu Brian Lovett na Matt Kasson. Katika ile yenye doa waliotesha kuvu aina ya Cladosporium, kuvu wa kawaida kabisa ambaye yumo hewani na kwenye kuta za nyumba zetu. Katika ile iliyosinyaa hakikuota kitu. Kwa maoni yao, kuvu alikuwa amekula, akatumia hewa yote iliyokuwa ndani ya paketi, kisha naye akafa.

Kwa hiyo kwenye nailoni ileile, keki ileile, kuvu aliingia akala. Na ile ya Maine? Ile iliachwa wazi juu ya ubao, ikakauka. Kitu kilichokauka kabisa hakioti ukungu. Wavuvi wetu wa pwani wanalijua hilo tangu kale, ndiyo maana wanaanika dagaa.

Muda wake halisi dukani ni upi basi? Kwa miaka mingi Twinkie ilipewa siku 26. Iliporudi sokoni mwaka 2013 ilipewa siku 45. Baadaye zikafika 65. Miezi miwili na siku chache. Ni muda mrefu kwa keki, lakini haufiki hata robo ya mwaka. Zipo keki za paketi katika maduka yetu, zinazotoka ng'ambo na hata za viwanda vya hapa, ambazo tarehe zake ni za miezi mingi zaidi ya hiyo, na hakuna anayezitungia hadithi.

Keki hiyo haikuzaliwa ikiwa hivyo. Iliundwa mwaka 1930 na James Dewar, msimamizi katika kiwanda cha Continental Baking Company huko Schiller Park, karibu na Chicago. Ilikuwa enzi ya ule mdororo mkuu wa uchumi, watu hawana fedha. Kiwanda kilikuwa na vyombo vya kuokea keki ndogo ndefu za kuliwa na stroberi, na msimu wa stroberi ukiisha vyombo vile vilikaa bure. Dewar akafikiri: tuoke keki zilezile, tuzijaze krimu ya ndizi, tuuze mbili kwa senti 5. Jina alilitoa kwenye bango la matangazo ya viatu aliloliona akiwa safarini St. Louis. Vilipokuja Vita Vikuu vya Pili, ndizi zikawa adimu Marekani, krimu ya ndizi ikaondoka, ikaingia ya vanila, na vanila ikabaki hadi leo.

Keki za mwanzo zilikaa siku chache tu, kwa sababu zilitengenezwa kwa vitu ambavyo wewe na mimi tunavijua: maziwa, mayai, siagi. Vitu hivyo ndivyo vinavyoipa keki utamu wake, na ndivyo vinavyoiharibu upesi. Kwa hiyo kila hatua ya kurefusha maisha ya keki hii ilikuwa, kwa sehemu kubwa, hatua ya kukitoa ama kukipunguza kimoja cha vitu hivyo na kuweka badala yake kitu kinachofanya kazi yake bila kuoza. Naomba mlishike jambo hilo. Tunapotazama keki inayokaa muda mrefu, huwa tunauliza imetiwa nini. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: imetolewa nini?

Sasa nataka tuingie ndani kidogo, kwenye maji, maana siri kubwa ya keki hii ni maji.

Chakula huozeshwa na viumbe vidogo: bakteria, hamira za hewani na kuvu. Viumbe hao hawaishi bila maji. Lakini maji yaliyomo ndani ya chakula hayako huru yote. Sukari huyashika maji. Chumvi huyashika pia. Maji yaliyoshikwa na sukari ndani ya keki ni kama fedha za amana mfukoni mwako: zipo, unaziona, unazihesabu, ila si za kutumia. Ulimi wako unasikia keki ni laini na ina unyevu, lakini kuvu akitua hapo hapati tone la kunywa.

Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa Australia, William James Scott, alionyesha kwamba kinachoamua kama kiumbe ataota kwenye chakula ni kiasi cha maji yaliyo huru, si jumla ya maji yote. Kipimo hicho huanzia 0 hadi 1. Maji matupu ni 1. Nyama mbichi na samaki mbichi wapo karibu na 0.99, ndiyo maana bila barafu hawafiki kesho. Mkate wa kawaida upo karibu na 0.95. Ukishuka chini ya 0.9, bakteria wengi husimama. Chini ya 0.8, kuvu wengi wa kawaida nao husimama. Chini ya 0.6 hakuna kiumbe anayeweza kuzaliana, na ndiyo sababu asali safi hukaa chupani bila kuharibika. Keki za paketi za aina tunayoizungumza hutengenezwa ziwe baina ya 0.7 na 0.85 hivi. Yaani zimewekwa makusudi mahali ambapo bakteria ameshashindwa, na kuvu anahangaika.

Waswahili hatuhitaji kwenda maabara kulishuhudia hili. Halua ya Zanzibar, na halua ya Oman ambayo ni ndugu yake, hupikwa kwa sukari, wanga, samli, iliki na zafarani, inasongwa kwa mwiko mrefu kwenye sufuria kubwa mpaka maji yamepungua na yaliyobaki yameshikwa na sukari. Unaipokea kwenye kikapu, unasafiri nayo, inakaa wiki nyingi kabatini bila friji. Hakuna anayesema halua ni dawa tupu. Sheria inayoihifadhi halua ndiyo hiyohiyo inayoihifadhi keki ya kiwandani. Tofauti ni kwamba halua huliwa vipande viwili vitatu pamoja na kahawa chungu, wageni wamekaa barazani, na keki ya paketi anaila mtoto peke yake, mbili mara moja, njiani.

Ndani ya Twinkie mna kazi ya ufundi ambayo lazima niisifu, hata kama sipendi matokeo yake. Keki yenyewe ni ya sponji, na katikati ina kitu cheupe. Mashine huichoma matundu matatu upande wa chini na kukishindilia kile cheupe ndani. Kinaitwa krimu, lakini si malai ya maziwa. Kwa sehemu kubwa ni mafuta na sukari, na maji kidogo, vilivyopigwa hadi vikafura. Sasa fikirini: ukiweka kitu chenye maji huru mengi kando ya kitu chenye maji huru machache, maji yatahama. Krimu ikiwa ndiyo yenye maji huru mengi zaidi, yatatoka humo yaingie kwenye sponji. Baada ya wiki moja krimu itakuwa ngumu, na sponji imelowa, na hapo palipolowa ndipo kuvu anapopata nafasi. Kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuvilinganisha vitu viwili visivyofanana hata kidogo, mpaka maji ya kila upande yasiwe na sababu ya kuvuka. Wapishi wengi wa nyumbani wamewahi kuona keki ya krimu ikilowa kesho yake. Kiwandani tatizo hilo wamelimaliza kwa hesabu, na kwa sukari.

Ndipo tunafika kwenye orodha. Sheria za lebo za Marekani, na kanuni za kimataifa za vyakula za Codex ambazo nchi zetu pia zinazifuata, zinataka viungo viandikwe kwa mpangilio wa uzito: kilicho kingi zaidi kwanza. Lebo za Twinkie za miaka hii huanza hivi: sukari, maji, unga wa ngano uliorutubishwa, shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi, mafuta ya ng'ombe, dekstrosi, mayai. Kisha yanakuja maneno kwamba vinavyofuata ni asilimia 2 au chini ya hapo kila kimoja, na hapo ndipo unapomiminika ule mkia mrefu wa majina magumu.

Tazameni kichwa hicho vizuri. Kiungo cha kwanza katika keki hii ni sukari. Unga unakuja nyuma ya maji. Na sukari haikutajwa mara moja: shira ya mahindi ni sukari, na dekstrosi ni sukari. Zimetajwa kwa majina matatu katika nafasi tatu, na msomaji asiye makini ataiona sukari mara moja tu. Sisemi kwamba wamegawanya ili kuficha. Kila moja ina kazi yake: fruktosi ni hodari wa kushika maji, dekstrosi inasaidia keki kupata ile rangi ya dhahabu inapookwa, na shira ya mahindi ilishika soko la Marekani tangu miaka ya 1970 kwa sababu nchi hiyo ina mahindi tele na ilikuwa nafuu kuliko sukari ya miwa. Lakini tumboni zote zinakwenda kuhesabiwa pamoja.

Paketi moja ya Twinkie mbili ina sukari ya kuongezwa zaidi ya gramu 30. Kijiko cha chai ni kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na likasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Kwa mtoto ni chini ya hapo. Basi mtoto aliyekula paketi moja wakati wa mapumziko shuleni ameshavuka, na bado hajanywa soda wala chai ya jioni.

Tuugeukie mkia, maana nimesema unaogopwa kupita kiasi, na nisiseme tu bila kuonyesha. Ndani ya mabano baada ya neno unga kuna thiamini, riboflavini, niasini, asidi ya foliki na madini ya chuma. Hizo ni vitamini za kundi B na madini, na baadhi yake hutiwa pia katika unga wa ngano kwetu: Tanzania iliweka sharti la kurutubisha unga mwaka 2011, Kenya mwaka 2012. Pirofosfati ya sodiamu na jamaa zake ni zile chumvi zilizomo ndani ya bekingi pauda ya nyumbani kwako, za kuifurisha keki. Lesithini ya soya inashikanisha mafuta na maji. Gundi ya selulosi, ambayo watu husema ni kulishwa mbao, ni ufumwele wa mimea uliosafishwa na kubadilishwa kidogo kikemia. Inashika maji na kutoka mwilini kwa njia ya kawaida. Halafu kuna asidi ya sobiki na chumvi yake, sobati ya potasiamu. Hizo ndizo hasa kihifadhi, ndiyo "dawa" yenyewe katika orodha nzima. Asidi ya sobiki iligunduliwa mwaka 1859 na mkemia August Wilhelm von Hofmann kutoka kwenye matunda ya mti wa Ulaya. Inamzuia kuvu asikue, na mwilini huvunjwa kama mafuta ya kawaida yanavyovunjwa. Kipimo chake ni kidogo mno.

Kuna adui mwingine wa keki asiye kiumbe. Keki iliyolala huwa ngumu hata kama haijapoteza maji. Ni wanga wa ngano unaojipanga upya na kukakamaa baada ya kupoa, na friji huuharakisha, ndiyo maana mkate wa kwenye friji hukakamaa upesi kuliko wa mezani. Kiwandani huzuia hilo kwa vitu viwili: vimeng'enya, ambavyo hukata nyuzi za wanga zisijipange, na kile kiungo kinachoandikwa mono na digliseridi, au kwa nambari E471, ambacho huushika wanga usikakamae. Hapa nawakumbusha wasikilizaji Waislamu, hasa ndugu zetu walioko London, Toronto au Minneapolis: E471 inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea, na inaweza kutoka kwenye mafuta ya mnyama, na lebo mara nyingi haisemi mnyama gani wala amechinjwaje. Nambari pekee haitoshi kujua. Tafuteni alama ya halali, au keki iliyoandikwa kwamba mafuta yake yote ni ya mimea.

Rangi nitazipita upesi. Ule unjano wa Twinkie hautokani na kiini cha yai pekee. Mna rangi ya tatrazini na nyekundu ya alura. Ulaya, tangu mwaka 2010, chakula chenye rangi hizo lazima kiandikwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Nadhani ni onyo zuri, na sioni hasara yoyote mtoto atakayoipata keki yake ikiwa na rangi ya unga.

Lakini jambo lililonifanya nichague mada hii ni mafuta. Kwa miongo mingi keki za paketi, Twinkie ikiwemo, zilitengenezwa kwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu kwa kutiwa hidrojeni. Yalikuwa mafuta ya ajabu kwa mwenye kiwanda: magumu kiasi cha kushika krimu, rahisi, na hayachachi upesi. Yaliongeza siku za keki rafuni bila kelele. Na ndani yake kulikuwa na mafuta ya transi, ambayo huharibu mishipa ya moyo. Denmark iliyawekea mpaka mwaka 2003. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua mwaka 2015 kwamba hayawezi tena kuhesabiwa kuwa salama, na viwanda vikapewa hadi mwaka 2018 kuacha kuyatumia. Mwaka huohuo wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliitaka dunia nzima iyaondoe ifikapo 2023, likikadiria kwamba yanachangia vifo 500,000 hivi kila mwaka.

Tafakarini. Miaka yote ile watu wakisimulia hadithi za keki isiyooza, wakizitazama kemikali za mkiani kwa hofu, kitu kilichokuwa kinaua kilikaa kichwani mwa orodha, karibu kabisa na sukari, kwa jina la upole la mafuta ya mimea. Neno "mimea" liliwatuliza watu. Na hata leo, katika miji yetu, yapo mafuta magumu ya kukaangia na kuokea ambayo mpishi wa maandazi ananunua kwa bei nafuu bila kuwa na njia ya kujua yaligandishwaje.

Nani basi alizitaka siku hizo 65? Sidhani kama ni mlaji. Sijakutana na mtu anayenunua keki ya vanila ili aile baada ya miezi miwili. Habari ya mwaka 2012 inatuonyesha. Hostess ya zamani ilikuwa na madereva wake waliozunguka duka kwa duka, wakiweka keki mpya na kuondoa zilizopitwa na tarehe. Kampuni ilikuwa na madeni mazito na mzigo wa pensheni, ukaja mgomo wa waokaji mwezi Novemba, na mlango ukafungwa. Watu 18,500 hivi walipoteza kazi. Mwaka uliofuata wawekezaji, kampuni ya Apollo pamoja na Dean Metropoulos, walinunua jina na keki kwa dola milioni 410. Twinkie ikarudi rafuni tarehe 15 Julai 2013, lakini madereva wale hawakurudi. Sasa keki zinapelekwa kwenye maghala makubwa, zinakaa, zinasubiri lori la muuzaji, zinakaa tena. Njia hiyo ni rahisi kwa kampuni, ila haiwezekani kwa keki ya siku 26. Ndiyo maana fedha nyingi zilitumika kutafuta siku zaidi. Jarida la Forbes liliandika mwaka 2015 kwamba kiwanda kimoja cha Emporia, Kansas, chenye wafanyakazi 500, kilikuwa kikitoa zaidi ya Twinkie milioni moja kwa siku, kazi ambayo zamani ilihitaji viwanda 14 na watu 9,000. Mwaka 2023 kampuni ya J.M. Smucker ikatangaza kuinunua Hostess kwa dola bilioni 5.6 hivi.

Kwa hiyo ile tarehe kwenye nailoni si keki inayokwambia nitakufa lini. Ni mapatano kati ya kiwanda, ghala na lori, na mapishi yakabadilishwa kuyafuata mapatano hayo. Naona huo ndio ukweli mzito kuliko hadithi yoyote ya mende na nyuklia.

Tumalizie dukani kwetu, maana mtakwenda leo au kesho. Mkiona maneno "bora kabla ya", hiyo ni tarehe ya ubora: mtengenezaji anaahidi ladha na ulaini hadi siku hiyo, na keki kavu ya jana yake na ya kesho yake hazitofautiani kwa usalama. Mkiona "tumia kabla ya" au tarehe ya kwisha matumizi, hiyo ni tarehe ya usalama. Ikipita, msile wala msimpe mtu. Codex ilifafanua tofauti hiyo upya mwaka 2018, lakini wachapishaji wa paketi bado wanachanganya, na wenye maduka wengi wanazisoma zote kama moja.

Na tarehe yoyote ile imehesabiwa kwa keki iliyokaa mahali pakavu, pasipo na joto kali, ndani ya nailoni isiyo na tundu. Keki zinazoning'inizwa mlangoni mwa duka juani, au zinazopangwa juu karibu na bati, mafuta yake huchacha kabla tarehe haijafika, na pua itakwambia mapema: harufu kama ya rangi ya mafuta, au njugu zilizokaa sana. Mkiona matone ya maji upande wa ndani wa nailoni, joto na baridi vimeshayatoa maji ndani ya keki, na pale tone lilipotua kuvu ataanza na hapo. Ukikuta doa, usilikwangue ukala kilichobaki. Keki ni laini, na nyuzi za kuvu hupita ndani mbali zaidi ya doa unaloliona. Na paketi iliyotobolewa na panya au kuchanika kwenye mshono, hata kama tarehe yake ni ya mwezi ujao, mrudishie mwenye duka na umwambie kwa nini.